Lapi Ikizima Leo, Kesho Utafungua? Bekapu kwa Wasee wa Malindi, Watamu na Kilifi

Unaikumbuka ile Ijumaa usiku ya Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima? Malindi giza, Kilifi giza, Nairobi giza. Mwanzo watu walichukulia poa, juu Pwani stima kupotea si habari. Kisha zikaanza kuingia picha za JKIA: abiria wamekwama gizani na mabegi yao, taa ni za simu. Na jenereta zilikuwepo, buda. Ile iliyotakiwa kubeba terminali ndiyo ilidinda kuwaka. Kesho yake Kipchumba Murkomen, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, akamfuta kazi bosi wa mamlaka ya viwanja vya ndege.

Shika hiyo picha, kwa sababu biashara kibao hapa kwetu zina jenereta kama hiyo. Ukimuuliza mwenyewe kama ana bekapu anajibu chap chap, "Ipo, iko kwa hadi diski." Mara ya mwisho kuifungua ilikuwa lini? Hapo anaanza kutafuta chaja.

Tuseme wewe ni mpiga picha, uko na kastudio Lamu Road, Malindi. Jumamosi umepiga harusi Watamu, usiku umehamisha picha zote kwa lapi, ukatoa kopi kwa hadi diski ya nje, ukafuta memori kadi juu Jumapili una kazi nyingine Kilifi. Umefanya kila kitu fiti, sivyo? Lapi iko mezani, diski iko kando yake, zote zimechomekwa kwa soketi moja. Stima inaenda, inarudi na kishindo. Moshi kidogo, harufu ya plastiki, basi. Jumatatu bibi harusi anapiga simu kuuliza picha zimefika wapi. Utamwambia arudie ndoa?

Pwani ina njia zake za kuua data, na nyingi hazimo kwenye zile video za mafundi wa ng'ambo. Chumvi ndiyo ya kwanza. Upepo wa bahari unakula chuma cha geti lako, sembuse kile kitobo kidogo cha kuchomekea waya. Diski iliyolala miezi sita kwa droo Mayungu au Bofa ikiwa wazi, unaweza kuipata na kutu kwa mdomo. (Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, wacha kutupa. Weka diski kwa kontena la plastiki linalofunga kabisa, tupia vipakiti viwili ndani.) Ya pili ni makuti. Kila mtu hapa anajua moto wa makuti ukishika wakati wa kaskazi unavyoruka kutoka paa hadi paa, na hakuna mtu atakayerudi ndani kuokoa CPU. Kuna wezi, kuna soda iliyomwagika, kuna mtoto wa dada yako.

Halafu kuna mvua. Novemba 2023, mafuriko ya El Niño yalikata barabara ya Mombasa kwenda Malindi pale daraja la Mbogolo. Kama mpango wako wa dharura ulikuwa "fundi wangu yuko Mombasa, atakuja na mashine nyingine," siku hiyo fundi alikuwa upande wa pili wa maji. Msee wengi hawaweki hiyo kwenye hesabu. Unajiandaa kwa mashine kuharibika, hujiandai kwa mashine kuharibika siku ambayo barabara pia imeharibika. Na mara nyingi ni mvua ile ile inayoleta zote mbili.

Tatu, mbili, moja

Kuna kanuni ya zamani kidogo ambayo bado inafanya kazi, na vizuri ni kwamba iliyoipa umaarufu haikuwa kampuni ya kompyuta. Ni mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, aliyekuwa akiwafundisha wapiga picha wenzake kutunza kazi zao. Inaenda hivi: kopi tatu za kila kitu muhimu, kwenye aina mbili tofauti za kuhifadhia, na moja kati ya hizo iwe mahali pengine kabisa. Lapi yako ni kopi ya kwanza. Diski ni ya pili. Ya tatu iko klaudi, au iko kwa shangazi Mtwapa, mradi isiwe chini ya paa moja na zile mbili.

Hilo la "mahali pengine" ndilo watu wanalipuuza, na si wadogo peke yao. Machi 10, 2021, jengo moja la seva la kampuni ya OVH liliteketea mjini Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja waliokuwa wamelipia bekapu kabisa, wakalala wakijua wako salama, kumbe bekapu ilikuwa ndani ya jengo lile lile. Septemba 26, 2025 ikawa zamu ya Korea Kusini: moto wa betri ukawaka kwenye kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, ukameza terabaiti 858 za mafaili ya wafanyakazi wa umma. Hazikuwa na kopi nje. Sababu iliyotolewa ni kwamba data ilikuwa nyingi sana kuiwekea bekapu. Korea Kusini hiyo, wenye intaneti ya kupaa, na walianguka kwa kosa lile lile la msee wa studio.

Kwa hivyo ukisikia "iko klaudi" usichukulie kama dua. Klaudi ni kompyuta ya mtu mwingine ndani ya jengo la mtu mwingine, na jengo linaungua kama makuti, tofauti ni kasi tu.

Kusawazisha si bekapu

Hapa ndipo vijana wengi wanachoma picha, kwa hivyo nitakaa kidogo. Una Google Drive au Dropbox kwa lapi, kila faili unayoandika inapanda juu yenyewe. Raha. Lakini hiyo ni kusawazisha: kinachotokea chini kinatokea juu. Ukifuta foda ya wateja kwa bahati mbaya, inafutwa na kule. Zipo siku chache za kuirudisha kutoka kwa pipa la taka, lakini ukishtuka baada ya miezi mitatu, imeenda na maji. Bekapu ya ukweli inakumbuka jana, wiki jana na mwezi jana, kila moja ikiwa kopi yake. Ndio ukigundua leo kwamba hesabu ziliharibika tarehe 4, urudi tarehe 3.

Mfano mkubwa wa hii ni Maersk, hao wenye makontena unayoyaona yakipita barabara ya Mombasa. Juni 27, 2017, virusi vilivyopewa jina NotPetya viliingia kwenye mitambo yao na kufuta kila kitu vilichogusa. Maersk walikuwa na seva karibu 150 zilizobeba ramani ya mtandao wao wote, na zilikuwa zimepangwa zisawazishane: moja ikianguka, nyingine yoyote inaweza kuijenga upya. Wazo zuri, mpaka siku zote zilipofutwa kwa mpigo. Hakuna aliyewahi kufikiria itakuwaje zikienda pamoja.

Wakapiga simu ofisi zote duniani kutafuta hata moja iliyopona. Wakaipata. Ghana. Na iliponea wapi? Stima ilikuwa imepotea! Seva ilikuwa imezima kabla virusi havijafika, kwa hivyo ikawa haijaguswa. Intaneti ya kule ilikuwa pole sana kuituma data yote Uingereza, na hakuna mfanyakazi wa Ghana aliyekuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mtu asafiri na diski hadi Nigeria, akakutana na mwenzake uwanja wa ndege, akamkabidhi, yule akapaa nayo London. Kampuni inayosafirisha mizigo ya dunia iliokolewa na blakauti pamoja na mtu aliyebeba diski mkononi. Baadaye mwenyekiti wao alisema walisimamisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Hasara ilikuwa mamia ya mamilioni ya dola.

Mafundi wa leo wanafanya kwa makusudi kile ambacho Ghana kilitokea kwa bahati. Wanaongeza kwa ile tatu-mbili-moja kopi moja iliyokatwa kabisa: diski ambayo ukimaliza kuandika unaichomoa na kuiweka mbali, au nafasi ya klaudi inayojifunga kwa siku ulizochagua, tuseme 30, hata wewe mwenye paswadi usiweze kuifuta. Kwa nini ufungiwe data yako mwenyewe? Juu mwizi akiingia ataingia na paswadi yako. Hawa watu wa ransomwea, wanaofunga mafaili yako kisha wanadai fidia, hutafuta bekapu kwanza na kuiharibu, ndio usiwe na pa kukimbilia. Wala usidhani ni mambo ya ng'ambo. Aprili 2023, Naivas wenyewe walithibitisha kwamba wameshambuliwa na kundi la aina hiyo na baadhi ya data yao ikaibiwa. Ikiwa supamaketi ya Naivas iliguswa, cyber yako ya Majengo yenye Windows ya kuazima iko wapi?

Diski iliyochomekwa kwa lapi saa 24, basi, haihesabiki. Virusi vinaiona kama foda nyingine tu. Chomoa.

Unaweza kukaa saa ngapi bila?

Wataalamu wana maneno yao makubwa, lakini maswali ni mawili tu. La kwanza: kopi yako ya mwisho ina umri gani? La pili: ikibidi uanze upya, itachukua muda gani mpaka uhudumie mteja? Majibu yanatofautiana kwa kila biashara, na ndiyo yanaamua ulipie nini.

Chukua gesti hausi ya vyumba nane Watamu, msimu wa Disemba. Buking zinaingia kutoka mitandao mitatu, nyingine kwa WhatsApp, nyingine jamaa amepiga simu kutoka Milano. Ukipoteza siku moja ya buking, Wataliano wawili wanakutana mlangoni wakidai chumba kimoja. Kwa hiyo kopi ya juzi haisaidii, unataka ya kila saa. Lakini zile picha za bwawa la kuogelea za 2019, hata kopi ya mwezi jana inatosha. Usilipe bei moja kwa vitu viwili visivyolingana. Duka la samaki lenye kitabu cha deni, nalo, piga picha kurasa kila jioni, tuma kwa akaunti nyingine, maliza. Hapo huhitaji mtambo wowote.

Swali la pili ndilo linashtua watu. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa, kundi linalojiita Anonymous Sudan likajigamba limehusika. Serikali ikasema hakuna data iliyopotea. Sawa, lakini kwa siku kadhaa watu walihangaika na huduma na hata kununua tokeni za stima kukawa na shida. Data iko, kazi haiendi. Vivyo hivyo Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kusini huko karibu na Afrika Kusini, intaneti ya Kenya ikawa ya kutambaa. Kama kila kitu chako kiko klaudi peke yake, wewe siku hiyo ulikuwa na bekapu nzuri sana usiyoweza kuifikia. Ndiyo maana kopi ya karibu bado ina kazi yake, na ndiyo maana mashine ya mauzo ya kisasa inafaa iwe ile inayoendelea kupiga risiti bila mtandao kisha inatuma baadaye. Muulize anayekuuzia kabla hujatoa doo. Pia weka njia ya pili ya intaneti: faiba na laini ya simu, au Starlink, ambayo iko Kenya tangu Julai 2023, ukiwa pande ambazo faiba haijafika.

Na piga hesabu ya bando kabla ya kuamini klaudi. Harusi moja ya gigabaiti 60, kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, inachukua karibu saa 27. Yaani Jumamosi usiku mpaka Jumatatu alfajiri. Usifute memori kadi kabla ya hapo! Kadi mbili za ziada ni bei ndogo kuliko kumrudishia mtu pesa ya harusi. Kurudisha chini nako kuna hesabu yake: gigabaiti 500 kwa kasi ya megabiti 20 ni zaidi ya siku mbili, na hiyo ni kama stima haitapotea katikati. Wenye kazi nzito hutuma klaudi picha zilizochaguliwa tu, zile mbichi zote zinabaki kwa diski mbili, moja nyumbani, moja kwa mtu.

Simu ndiyo ofisi

Wengi wenu hamna hata lapi. Oda ziko WhatsApp, malipo M-Pesa, wateja kwa majina ya simu: "Mama Chapo Muyeye," "Tuktuk Hassan," "Mzungu wa Kayak." Simu ikienda na maji pale Mnarani, biashara imeenda nayo. Ingia kwa mipangilio ya WhatsApp uangalie tarehe ya bekapu ya mwisho. Kwa Android, tangu 2024 bekapu hiyo inakula nafasi kwenye zile gigabaiti 15 za bure za Google, pamoja na picha na barua pepe. Zikijaa, bekapu inaacha kimya kimya na wewe unaendelea kuposti stori. Hiyo pekee imewaangusha wasee wengi kuliko virusi. Ukiwasha ule ulinzi wa bekapu wa paswadi, iandike paswadi mahali, kwa sababu ukiisahau hata WhatsApp hawawezi kukufungulia.

Halafu kuna laini. Mtu akibadilisha simkadi yako kwa ujanja, anapokea zile namba za kuthibitisha, anaingia kwa barua pepe, na kutoka hapo anaingia kwa klaudi yako yote. Safaricom wana *100*100# ya kuzuia laini yako isibadilishwe bila wewe kwenda mwenyewe. Chapa zile namba za dharura za akaunti ya Google kwa karatasi, weka na title deed. Karatasi haina virusi.

Upande wa sheria nitapita mbio. KRA wanataka rekodi za biashara zihifadhiwe miaka 5, na "kompyuta iliibiwa" si risiti. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka uweze kurudisha data za watu ukipata ajali, na data zao zikiingia mikononi mwa wengine kwa njia inayoweza kuwadhuru, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Kwa hivyo zile kopi za pasipoti za wageni unazozungusha kwa flashi isiyo na paswadi, funga leo. Bekapu isiyofungwa ni zawadi kwa mwizi.

Sasa ile kazi ambayo JKIA usiku ule ilidai. Chagua asubuhi ya siku kavu, tuseme Jumanne ya Mei wakati mji hauna wageni. Azima lapi ya rafiki ambayo haijawahi kuona mafaili yako. Yako ifungie kabatini, kama ilivyoibiwa. Weka saa. Jaribu kurudisha vitu vitatu: orodha ya wateja, oda za wiki hii, na hesabu za mwezi jana. Faili lazima ifunguke na isomeke, kuiona jina tu haitoshi. Utagundua paswadi iko kwa lapi iliyo kabatini. Utagundua namba ya kuthibitisha inaenda kwa laini uliyotupa 2022. Utagundua ile programu ya hesabu inataka leseni na aliyekuwekea alihamia Qatar. Kila unachokwama nacho, andika, na uandike uliyempigia kukusaidia. Karatasi hiyo toa kopi mbili, moja ukutani, nyingine kwa mtu anayeweza kufungua duka wewe ukiwa umelazwa. Rudia kabla ya Disemba, na safari hiyo mpe mfanyakazi wako afanye, wewe kaa nje unywe madafu na usimjibu simu.